Linkedi listi kwenye Forth inanitolea namba za ajabu

SWALI: Kaka shikamoo, naandika toka Igoma hapa Mwanza. Nina kiprogramu cha Forth (lugha ya programu) cha kuweka kilo za magunia ya dagaa kwenye linkedi listi, yaani orodha ambayo kila kipande kinashika anwani ya kingine, maza anauza pale Kirumba mwaloni. Kuongeza gunia nimeandika hivi:

: ongeza , kichwa @ , here kichwa ! ;

Nikiingiza 42, 38 na 45 alafu nikaonyesha, zinatoka namba ambazo sijaingiza, saa nyingine inazima kabisa. Shida ni steki (lile rundo Forth inapowekea namba za kufanyia kazi) au?

JIBU: Marahaba. Steki yako iko poa, tatizo ni here. Hiyo ndo anwani memori tupu inapoanzia, na kila ukiita koma (ile alama ,) inaandika namba alafu here inasogea mbele seli moja, yaani nafasi ya namba moja, sasa we umeita koma mbili ndo unakuja kuuliza here, nodi (kipande chenye kilo na linki, yaani anwani ya kipande kingine) umeshaipita, kichwa, kinachotakiwa kushika anwani ya nodi ya kwanza, kinaelekea sehemu ambayo hujaandika kitu. Kinachochekesha zaidi, kuanzia gunia la pili kila nodi inajielekeza yenyewe, maana kichwa ulichoacha nyuma ndo palepale nodi mpya inapokaa!

Chukua anwani kwanza:

variable kichwa 0 kichwa !
: ongeza align here swap , kichwa @ , kichwa ! ;
: onyesha kichwa @ begin dup while dup @ . cell+ @ repeat drop ;

Soma taratibu: kilo iko kwenye steki, here inakaa juu yake, swap inairudisha kilo juu, koma inaiandika, kichwa cha zamani kinaandikwa kama linki, inabaki anwani peke yake ndo inakuwa kichwa kipya. Ile 0 usiiache, bila hiyo while haijui pa kusimama. Ukipotea weka .s katikati, inakuonyesha steki bila kuigusa, mi naona inasaidia kuliko kukariri.

Itatoa 45 38 42, usishtuke, unaongeza mbele siyo nyuma.

Ila kama maza atataka kufuta gunia lililouzwa, njia ya koma haifai, huwezi kurudisha memori ya katikati. Hapo tumia allocate, inayokupa kipande cha memori cha peke yake:

: ongeza 2 cells allocate throw tuck ! kichwa @ over cell+ ! kichwa ! ;

Onyesha inabaki ileile. Na kwenye kufuta, soma linki ya nodi kwanza ndo uite free (inayorudisha memori ya allocate), ukianza na free hiyo linki siyo yako tena.