Bendi saba, na hakuna hata moja iliyowahi kupiga

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: "Ni kitu gani unachokitengeneza bila kuagizwa na mtu?" Mimi nachora lebo na majalada ya santuri za kampuni ambayo haijawahi kuwapo. Inaitwa Kolekole, ya hapa Tanga, na hadi sasa ina bendi saba. Mke wangu huiita "kampuni yako ya hewa". Hajakosea.

Nilianza vibaya. Kwenye kishikwambi nilimchora mwimbaji mwenye miwani ya jua, nyuma yake machweo, rangi za kila aina. Picha ilipendeza, lakini kama kalenda ya bima inavyopendeza. Ndipo nikazitoa santuri za marehemu baba, zile ndogo za inchi 7, nikazitazama tu, maana sindano ilikwisha zamani. Nyingi hazina hata sura ya mwanamuziki. Ni jalada la karatasi lenye tundu katikati, na tunduni inachungulia lebo: nembo, jina la bendi, wimbo, mtunzi, upande A au B, namba ya toleo. Rangi mbili, basi.

Toka hapo nikajiwekea masharti. Mraba wa pikseli 2,100 kila upande, yaani inchi 7 kwa pikseli 300 kila inchi. Rangi mbili na weupe wa karatasi. Nikimaliza, tabaka la wekundu nalisogeza pikseli nne kulia, ili mstari wa mdomo wa kolekole, yule samaki wa nembo yangu, usikutane sawasawa na rangi yake, kama vile mashine ya chapa ilikuwa imechoka. Pikseli nne hizo zimefanya kazi kuliko machweo yote.

Bendi ya kwanza niliipa jina Ngamiani Nyota Jazz. Sasa, bendi ya dansi ya miaka ya 70 bila mtindo, yaani mdundo na uchezaji wake wenye jina, ni bendi gani? Western Jazz walikuwa na Saboso, NUTA Jazz na Msondo, Mlimani Park na Sikinde. Wiki nzima sikuchora chochote, natafuta mtindo. Niliupata sokoni kwa wauza samaki: "Pweza Jikunje". Herufi zikaanza kujikunja zenyewe.

Kwa mwimbaji wa taarabu niliogopa. Huu ni mji wa vikundi vya Black Star na Lucky Star, huwezi kumchora mtu ovyo. Basi sikumchora. Jalada lake nimelipanga kama kanga: pindo kuzunguka pande zote, mji katikati, na pale linapokaa jina la kanga nimeandika jina la wimbo, KIJICHO HAKIIVISHI WALI. Sura yake mwazie wenyewe.

Tatizo likaja nilipoituma lebo ya Nyota Jazz kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Baada ya siku chache ikanirudia kutoka kundi jingine, imeandikwa "santuri adimu ya 1974". Nilicheka, kisha nikaona haya. Santuri za kweli, zenye jasho la watu wa kweli, zinaozea stoo, halafu mimi naongeza za uongo? Siku hizi kwenye ukingo wa kila lebo, pale kampuni zilipokuwa zikikataza watu kunakili, naandika kwa herufi ndogo: Bendi hii ni ya kubuni.

Mzee mmoja jirani yetu hilo halimhusu. Anasema dansi la Nyota Jazz alilicheza, na analolitaka kwangu ni jambo moja: mpiga saksafoni yuko wapi, mbona simwoni? Nikamuuliza alikuwaje.

"Mrefu. Ana pengo hapa mbele."

Nimeshamchora, yuko kwenye toleo la pili. Pengo nimeliacha na rangi ya karatasi.