Kiprugut, Keino na kamusi niliyoikosa

Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza: "Ikiwa simu inajibu kila kitu, kuna haja gani ya kubeba maarifa ya jumla kichwani?" Nililisoma swali hilo nikiwa ndani ya matatu, Jogoo Road, likanishika hadi nikapitishwa kituo. Naandika usiku huohuo.

Haja ipo, tena kubwa. Nyumbani kwangu simu haikai mezani tunapoulizana maswali. Sheria hiyo nimeirithi kwa baba, ingawa enzi zake hakukuwa na simu ya kukataza. Alichokataza yeye ni kusema "nimesikia mahali". Ukijibu, sharti useme umejulia kwa nani.

Baba alikuwa fundi katika karakana ya reli, na sisi tulikaa Makongeni. Baada ya ugali maswali yalianza. Reli ilifika Nairobi mwaka gani? 1899. Kisumu je? 1901. Hayo yalikuwa ya kufungulia mlango tu. Maana ya jina Nairobi, maji baridi kwa Kimaasai, aliipata kwa mzee aliyelinda lango la karakana. Mzee huyohuyo ndiye aliyemwambia kwamba Batian, Nelion na Lenana, vilele vya Mlima Kenya, vimebeba majina ya wakuu wa Kimaasai. Baba akaongeza la kwake: Mackinder alifika juu ya Batian, mita 5,199, mwaka uleule reli ilipoingia Nairobi. Kwamba wimbo wetu wa taifa umetokana na wimbo wa Kipokomo wa kubembelezea mtoto, nilijulia kwa mama mmoja jirani, Mpokomo, aliyekuwa akimtikisa mwanawe polepole kila redio ilipoupiga. Na siku tuliyosimama kwenye ua wa mbuga tukitazama twiga, baba alinishika shingo kwa nyuma, akasema mifupa ya shingo ya yule ni saba, sawa na yangu. Mpaka leo nikiona twiga navihisi vidole vya baba shingoni.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike.

Mwaka 1986, nikiwa na miaka 12, niliingia shindano la chemshabongo katika ukumbi mmoja wa mtaa huku Eastlands. Ukumbi wenyewe siutaji, wala aliyeuliza maswali simtaji. Zawadi ilikuwa kamusi nene ya Kiswahili, imewekwa mbele juu ya kitambaa cheupe, na mimi nilikuwa nimeshaitengea nafasi nyumbani, kando ya redio. Walianza watoto ishirini na kitu. Mwishoni tukabaki wawili, mimi na mvulana wa Mbotela, alama 13 kwa 13. Ziwa Rudolf sasa laitwaje? Turkana, tulijibu sote. Mbuga ya kwanza ya taifa nchini? Ya Nairobi, 1946. Hapo likaja swali la kuamua: Mkenya wa kwanza kupata medali ya Olimpiki ni nani?

Sikungoja amalize. Nikasema Wilson Kiprugut, mita 800, Tokyo, 1964, medali ya shaba.

Mwendesha shindano akatazama kadi yake. Akamgeukia mwenzangu. Mwenzangu akasema Kipchoge Keino. Kadi ilisema Kipchoge Keino. Ukumbi ukapiga makofi.

Baba alikuwa amesimama nyuma, ametoka kazini moja kwa moja, ovaroli ingali na grisi, kofia mkononi. Akasema, "Mwalimu, samahani. Mtoto amejibu sawa."

"Mzee, kadi ndiyo inaamua."

"Kadi imeandikwa na mtu, mwalimu."

"Mzee, tafadhali, keti."

Watu wakacheka. Baba akatafuta kiti, akaketi. Sikuwahi kumwona mtu akimwambia baba yangu aketi, na hilo liliniuma kuliko kamusi. Njiani kurudi hakusema neno mpaka mlangoni, akaniambia, "Jumamosi tutaenda mjini, mama."

Jumamosi tukatembea kwa miguu, tukashika Landhies Road, tukapita Muthurwa, hadi Maktaba ya McMillan, ile yenye simba wawili wa mawe mlangoni, iliyofunguliwa 1931. Sikuwa nimewahi kuingia. Baba alivua kofia akiwa bado kwenye ngazi. Mama wa maktaba alituletea kitabu kikubwa cha matokeo ya Olimpiki, akatuonyesha pa kuketi, na baba akakifungua kwa ncha za vidole kwa sababu grisi ya karakana haitoki yote hata uisugue vipi. Tokyo, 1964, mita 800. Wa kwanza Peter Snell wa New Zealand, dakika 1:45.1. Wa pili Bill Crothers wa Kanada, 1:45.6. Wa tatu Wilson Kiprugut, Kenya, 1:45.9. Wa nne George Kerr wa Jamaika, naye 1:45.9. Baba alilirudia hilo la mwisho mara mbili kwa kunong'ona: muda uleule, mmoja ana medali na mwenzake hana. Kisha akanikumbusha kwamba ilikuwa Oktoba, na uhuru wetu wa Desemba 1963 ulikuwa haujatimiza hata mwaka. Bendera ilikuwa mpya kabisa, na huyu tayari amesimama nayo kwenye jukwaa la washindi.

Aliyanakili yote katika daftari lake dogo la vipimo vya vyuma. Nikamuuliza, basi yule mwalimu alimtoa wapi Keino? Baba akajibu, "Keino hakuwa Tokyo kabisa. Keino ni wa Mexico." Akaliandika na hilo, akafunga kitabu, akakirudisha. Ya Mexico aliyajua kwa redio na hakuhitaji kitabu: 1968, Keino dhahabu ya mita 1,500, Naftali Temu dhahabu ya mita 10,000, ambayo ndiyo dhahabu ya kwanza ya Kenya, na Kiprugut tena mita 800, safari hii fedha.

Jumatatu alipeleka karatasi ukumbini. Mwendesha shindano aliisoma yote, akaikunja vizuri, akasema shindano limeshafungwa. Kamusi haikuja.

Kwa hiyo nikiulizwa haja ya maarifa ya kichwani, namwona yule mtu na kadi yake. Alichokuwa nacho ni kadi peke yake. Kama angekuwa na hata chembe ya habari ya 1964 kichwani, angesita, angemuuliza mzee wa nyuma amejulia wapi. Simu nayo ni kadi. Imeandikwa na watu, nayo hukosea, na asiye na lolote kichwani hana njia ya kuihisi ikikosea. Mtoto anayesoma jibu kwenye kioo akalisahau kabla hajafika jikoni hana alichojua. Hapo nilikuwa nimepandwa na moto kwelikweli, na nilikuwa nataka kuwaambia mliulize swali hilo tena kwa adabu.

Ndipo binti yangu, aliye kidato cha nne, akasoma juu ya bega langu. Alifika pale panaposema Keino hakuwa Tokyo kabisa, akatoa simu. Sikuwa nimemaliza kumkataza.

"Mama, alikuwepo. Mita 5,000. Alikuwa wa tano."

Nikabisha. Nikamwambia babu yake aliandika. Akanionyesha orodha: Bob Schul wa Marekani wa kwanza, na wa tano Kipchoge Keino, Kenya. Nikatafuta mahali pengine, nako hivyohivyo.

Mhariri, kauli ile nimeibeba karibu miaka arobaini. Nimeisema kanisani, nimeisema kazini, nimewasahihisha watu wazima kwayo. Na kinachonisumbua usiku huu ni kwamba kitabu kilikuwa wazi mbele yetu. Kiliorodhesha sita wa kwanza wa kila mbio, ndiyo maana tulimwona Kerr. Mbio za mita 5,000 zilikuwa hapohapo karibu, kurasa chache tu. Tulisoma tulichokifuata, tukafunga. Na yule wa kadi, huenda naye alisikia kweli mahali kwamba Keino alikimbia Tokyo, likamchanganyikia na medali. Simwachilii: wa tano hana medali, na jibu langu lilikuwa sahihi. Lakini ni mara ya kwanza kumfikiria kama mtu aliyekuwa na sehemu ya ukweli mkononi, kama sisi tulivyokuwa na sehemu yetu.

Sasa nijibu swali lenu. Nilitaka kusema simu isikanyage mezani. Nasema ikanyage. Kuanzia Jumapili hii nitairuhusu, kwa masharti: kila mtu ajibu kwanza kwa kinywa chake, aseme amejulia kwa nani, ndipo mmoja afungue simu, na akifungua asiishie mstari wa kwanza, asome na ulio chini yake. Kwa watoto wadogo bado sina hakika. Wale ningependa waanze na watu. Na wakati wa kuulizana ya familia, majina ya mababu na walikozikwa, simu itakaa chumbani, maana hayo haina.

Lakini sitaki mnielewe kwamba simu ilitosha. Binti yangu hakuwa na sababu yoyote duniani ya kumtafuta mtu wa tano wa mita 5,000 za Tokyo. Alimtafuta kwa sababu mama yake alikuwa ameandika jambo kwa uhakika mkubwa, na mama yake aliliandika kwa sababu baba yake aliambiwa aketi.

Daftari la vipimo ninalo. Ukurasa ule umeingia unjano na grisi imeacha alama ya kidole gumba pembeni. Mstari wa chini, kwa mwandiko wa baba: "Keino hakuwepo." Sikuufuta. Nimechukua penseli, nikaandika pembeni kwa herufi ndogo: wa tano, mita 5,000. Nimejulia kwa mjukuu wako.

Msomaji wenu, Donholm