Beast alifanya nini hasa
Mkuu umeuliza propu wa raga (mchezaji wa mstari wa mbele) anaitwaje lejendi na hata trai hafungi, yani hapati pointi za kugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, sasa kwa Tendai Mtawarira, ndo huyo Beast, usiangalie trai, angalia skramu, pale wachezaji wa mbele wa timu mbili wanapofungamana na kusukumana kugombea mpira. Jamaa ni mzaliwa wa Harare, alienda Durban, Afrika Kusini, kwa timu ya Sharks akiwa anacheza namba nane (nyuma kabisa ya skramu), kocha Dick Muir ndo akamsogeza mbele kwenye propu, na 2008 tayari kaitwa Springboks, timu ya taifa ya Afrika Kusini, kucheza na Wales. Mechi iliyompa jina ni ile ya Durban 2009 dhidi ya Lions (timu ya pamoja ya Uingereza na Ireland), alimsukuma propu wao Phil Vickery, mtu aliyebeba Kombe la Dunia na Uingereza 2003, yani anamwingia kwa chini Vickery anainuka tu juu skramu inavunjika refa anapiga filimbi penalti, tena na tena mpaka Lions wakamtoa Vickery kipindi cha pili kikiwa ndo kimeanza. Afrika Kusini walishinda 26-21.

Halafu kuna watu walileta zengwe la uraia eti huyu ni wa Zimbabwe, likaisha 2010 alipopata uraia (mimi naona lilikuwa fitina tu, raga yake ya kimataifa yote kaicheza na Springboks). Fainali ya Kombe la Dunia 2019 Yokohama dhidi ya Uingereza akarudia kazi ileile, propu wao Kyle Sinckler aliumia mapema akaingia Dan Cole, na Cole siku ile aliteseka kwelikweli, Afrika Kusini wakashinda 32-12. Baada ya hapo akastaafu timu ya taifa akiwa na mechi 117, wakati huo waliomzidi kwa idadi ya mechi Springboks ni Victor Matfield na Bryan Habana tu.