Bunyonyi hadi Bwindi kwa Vitz, mwezi wa Aprili?

Dada, umeuliza kama Vitz yako itafika Ziwa Bunyonyi, msitu wa Bwindi na Ziwa Mutanda, kusini-magharibi mwa Uganda, wakati wa masika. Kampala hadi Kabale ni lami, na lami inaendelea hadi Kisoro. Pale Kanaba tu, mlimani kati ya Kabale na Kisoro, ukungu hushuka mpaka huoni boneti; washa taa, usifukuzane na malori.

Shida ni Ruhija, upande mmoja wa Bwindi. Ile ni barabara ya udongo ndani ya msitu, na ikilowa inateleza kama sabuni. Mwaka jana niliingia mtaroni. Vijana wa kijijini walinisukuma, matope magotini, wakinicheka (walikuwa na haki). Acha Vitz Kabale, kodi gari linalovuta magurudumu yote manne. Na sweta usisahau: Kabale iko karibu mita 2,000 juu.