Taka za shamba huzuiwa dukani

Juzi kaniandikia msomaji mmoja wa Mjini Unguja. Kaolewa Pemba, anahamia upande wa Micheweni, na anataka kuishi bila taka. Anauliza anunue pipa gani la mboji.

Mdogo wangu, usinunue kitu. Pipa la mboji la huku ni kuku. Nazi ikishakunwa na tui likachujwa, machicha ni yao. Vifuu ni moto. Makumbi tunayafukia pwani miezi kadhaa, yakilainika tunayaponda, tunapata usumba wa kusokotea kamba. Hata makonyo ya karafuu, vile vijiti vyake, yana mnunuzi, yanapikwa kiwandani Wawi, hapa hapa Pemba, yakatolewa mafuta. Kwa hayo hatuhitaji semina.

Na semina tuliletewa. Walikuja watu kutufundisha mazingira, kila mshiriki akapewa maji ya chupa na wali ndani ya kibakuli cha plastiki. Wakapiga picha, wakaondoka, vibakuli vikabaki uwanja wa skuli. Chupa niliziokota mimi, hadi leo natilia mafuta ya nazi. Sikupewa hata cheti.

Kinachotushinda ni vitu vya dukani. Mifuko ya plastiki Zanzibar ilipigwa marufuku tangu 2006, Bara wakafuata 2019, lakini pakiti za biskuti na pampasi zinaingia kama kawaida. Mjini angalau gari la taka hupita. Huku halipiti, na sisi tuko maweni: ukichimba kidogo tu unagonga jiwe, shimo la kufika gotini ni kazi ya sururu. Basi watu wanachoma, moshi unaingia jikoni kwa jirani. Au wanatupa kwenye mikoko, na maji makubwa ya bamvua yakija yanaturudishia mlangoni.

Ndiyo maana mimi taka yangu naimaliza nikiwa bado dukani. Nakwenda na chupa, napimiwa mafuta ya kula. Nakwenda na kopo lenye mfuniko, napimiwa sukari. Sabuni nanunua mche, nakata mwenyewe. Mwenye duka mwanzo alinuna, sasa akiniona tu ananyoosha mkono apokee kopo.

Dikoni, wanaposhushia samaki, nakwenda na pakacha. Kata kipande cha kuti bichi, pasua upongoo, ule mti wa kati, upinde uwe mdomo, kisha suka majani kwa kupishanisha hadi chini ufunge. Samaki anachuruza maji yake njiani, anafika hajavunda kama aliyefungwa kwenye nailoni. Pakacha likichakaa linaingia jikoni, linawashia moto.

Kuna mwaka nilipeleka maembe kwenye shughuli kwa pakacha, wifi yangu akasema mbele za watu kwamba nimekosa hata mia mbili ya mfuko. Walicheka sana. Najua anasoma hapa, na najua sasa anakuja kwangu kuomba nimsukie. Namsukia. Lakini tuambizane, wanawake wenzangu: tunaona haya kubeba pakacha, hatuoni haya watoto wetu kuvuta moshi wa plastiki? Serikali haikututia ile pakiti mkononi. Tuliipokea wenyewe, tena kwa pesa.

Haya. Kuhusu betri, taa ndogo ya sola imenipunguzia nyingi. Zilizobaki naziweka kwenye kopo mbali na watoto, sizichomi wala sizitupi karibu na kisima.

Pampasi ndiyo kazi. Khanga kuukuu ni nepi nzuri, ukikunja mara nne inashika, na jua letu linaikausha kabla ya adhuhuri. Ila bila maji karibu, nepi za kitambaa ni adhabu kwa mama peke yake. Mimi usiku na safarini natumia pampasi, sitakudanganya. Mchana natumia khanga, kwa sababu mume wangu anateka maji. Kwa hiyo kabla hujafunga mizigo, zungumza na wako: ndoo za asubuhi ni zake.