Banda la kumbukumbu za zamani ndani ya jumba la maduka: niliyoyaona Kampala

Ndugu, umesema umepewa nafasi tupu kwa wiki mbili kwenye jumba la maduka, na unataka kuijaza mambo ya zamani ili watu waje. Kazi hiyo nimeifanya hapa Kampala mara mbili. Mara ya kwanza nilikosea. Nilikusanya redio za mbao, tadooba (vibatari vya mafuta ya taa) na chupa za soda za kizamani, nikazipanga mezani na kuandika "Usiguse". Watu walipiga picha wakaenda zao.

Mara ya pili niliweka mbao nne za omweso, mchezo wa bao wa Waganda, na mzee wa mtaani kwetu anayeujua mchezo. Omweso una mashimo 32 na kete 64, na hauchezwi kimya: mchezaji anazigonga kete, waliosimama wanamkosoa. Haikupita saa moja, duara likajaa. Kisha baba mmoja akachuchumaa, akaanza kumfundisha bintiye. Binti akagoma kuondoka. Mama akaenda kununua vitu vya nyumbani, akarudi na mifuko akawakuta palepale. Mwenye jumba analipia hicho hasa. Basi kila unachotaka kuweka, jiulize kama mzazi anaweza kumfundisha mwanawe kwa mikono. Kufunga mpira wa maganda ya mgomba, sawa. Kurudisha utepe wa kaseti kwa kalamu, sawa kabisa, watoto hawaamini macho yao. Kwepena, mchezo wa kukwepa mpira unaorushwa, inataka uwanja, kwa hiyo ipeleke kwenye maegesho, mbali na vioo.

Chagua rika moja tu. Aliyeshika noti za kabla ya 1987, serikali ilipofuta sifuri mbili kwenye shilingi, ana zamani yake, na aliyekua na redio za FM zilizoanza 1993 ana yake. Mimi ningewafuata hao wa pili, kwa sababu wengi wao sasa wana watoto wa shule.

Kaanga kabalagala, vile vitumbua vya ndizi, papo hapo, baada ya kukubaliana na usimamizi kuhusu moto na moshi. Harufu ya ndizi ndani ya mafuta inawaita watu kabla hawajaliona bango. Ukipiga muziki, chukua mapema kibali cha Uganda Performing Right Society, chama kinachosimamia haki za wanamuziki.

Usikubali kuwekwa mlangoni. Omba ghorofa ya juu, kona ya ndani, ili anayekuja kwako apite mbele ya maduka ya wengine. Wapangaji wenyewe watakutetea. Na usipange karibu na Krismasi hata ukibembelezwa. Desemba ikishafika katikati, Kampala inaanza kuhamia kijijini. Likizo ya katikati ya mwaka watoto wako mjini na hawana la kufanya.

Yule mzee wa omweso mlipe kwa siku, mpe chai na kiti chenye mgongo, na umtafutie wa kumpokea. Wetu alichoka saa nane mchana, na banda zima likalala mpaka aliporudi.