Re: Millet aliwahi kuchora hadithi za Wagiriki?

Mkuu umeuliza kama Millet, yule mchoraji Mfaransa wa wakulima na waokota masazo, aliwahi kuchora hadithi za kale za Wagiriki. Aliwahi ndio, tena ipo moja kali sana ya mwaka 1847, Oedipus akishushwa kutoka kwenye mti, ipo Ottawa kule Kanada kwenye makumbusho ya taifa ya sanaa.

Kisa chenyewe, mfalme Laius wa Thebes aliambiwa mwanae atakuja kumuua, basi kitoto, ndiye Oedipus, kikatobolewa miguu kikatupwa porini kife. Sasa mtu mwingine angechora Oedipus na Sphinx, lile dude la vitendawili, au akiwa mfalme, Millet kachukua kile kidakika mchungaji anakifungua kitoto kimening'inia kichwa chini na mwanamke yuko hapo chini anakipokea. Hakuna miungu wala majumba, ni watu wa porini tu na mikono yao. Mimi naona wakulima wake wameanzia hapo hapo, maana mwaka uliofuata tu, 1848, akapeleka Salon, yale maonyesho makubwa ya sanaa ya Paris, ule mchoro wa mpepeta nafaka. Na jamaa mwenyewe kazaliwa shambani Gruchy, Normandy, kazi za mikono alikuwa anazijua vizuri.

Halafu kuna hili, chini ya hiyo rangi kuna mchoro mwingine, Mtakatifu Jerome, Salon waliukataa 1846 akachora juu yake kitambaa kile kile. Itafute picha kubwa mtandaoni uangalie ile mikono ya mwanamke, acha kabisa.